Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira wa Kenya: udongo wa Owino Uhuru utatibiwa vipi?

Mheshimiwa Waziri,

Tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilirejesha fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, ambao kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwaachia madini ya risasi mwilini na katika udongo wa nyua zao. Kuhusu fedha hizo mengi yamesemwa, na wanastahili kila senti. Hata hivyo, hukumu ya kwanza ya Julai 2020 iliagiza pia mazingira yasafishwe katika muda wa miezi 4, na ni juu ya agizo hilo ninakuandikia, kwa kuwa mimi ni mkemia na ninachelea lisije likatekelezwa kwa pupa.

Si kila dawa ya udongo hutibu kila sumu. Penye mafuta au viyeyusho vya viwandani, wataalamu huingiza ardhini kemikali kali kama pamanganeti au pasalfeti ili kuvunjavunja molekuli za sumu hata katika maji ya chini. Risasi ni elementi, haivunjiki wala haiozi. Kinachowezekana ni kuifunga: ikikutana na fosfeti na kloridi hugeuka kuwa pairomofaiti (pyromorphite), madini yasiyoyeyuka kwa urahisi hata katika asidi ya tumbo, hivyo mtoto akimeza vumbi lake, sehemu kubwa hupita bila kuingia katika damu. Huko Oakland, California, mamlaka ya mazingira ya Marekani ilichanganya mifupa ya samaki iliyosagwa, ambayo ina fosfeti nyingi, na udongo wa nyua za mtaa wa South Prescott, kisha ikaufunika kwa udongo safi. Nasi wa pwani mifupa ya samaki hatuikosi.

Lakini fosfeti hiyohiyo inaweza kudhuru. Bamba za betri hutiwa aseniki kidogo, ambayo nayo ni sumu, ili ziwe imara, na aseniki hushikamana na udongo mahali palepale fosfeti inapotaka kushika. Ukimwaga fosfeti bila kupima, unaibandua aseniki na kuisukuma kuelekea maji ya kisima. Asidi ya betri nayo, pale iliposalia, huifanya risasi iyeyuke, hivyo huenda udongo ukahitaji chokaa kwanza. Chokaa ikizidi mno, risasi huyeyuka tena.

Kwa hiyo ninaomba, Mheshimiwa, kabla ya mkandarasi yeyote kupewa kazi, udongo upimwe ua kwa ua: risasi, aseniki na kiwango cha asidi, na matokeo yabandikwe mtaani kwa Kiswahili. Kiwanja chenyewe cha kiwanda kisitibiwe kama nyua za watu, kwa sababu penye takataka za tanuri fosfeti peke yake haitoshi. Takataka hizo zichimbwe huku zikinyunyiziwa maji ili vumbi lisiruke, zichanganywe na saruji, zizikwe katika shimo lililotandikwa utando usiopitisha maji, mbali na makazi.

Mkataba nao useme wazi mafanikio yatapimwa kwa kipimo gani. Jumla ya risasi katika udongo uliotibiwa kwa fosfeti haipungui, kwa hiyo kinachopaswa kupimwa ni ile inayoyeyuka katika asidi inayofanana na ya tumboni, pamoja na damu ya watoto kabla na baada ya kazi, kwani Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Visima vya jirani vichunguzwe kila masika na kila vuli kwa miaka kadhaa, maana mvua ndiyo itakayoonyesha kama kilichofungwa kimebaki kimefungwa.

Ninaomba rasimu ya mkataba huo itolewe hadharani kabla ya zabuni kutangazwa, ili wakazi na wataalamu wapate nafasi ya kuipitia.

Wako mwaminifu,
Mkemia, Mombasa