Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wenye Nyumba

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote na kuwashukuru kwa kushirikiana na kamati mwaka mzima. Shughuli za kawaida za chama zimekwenda vizuri. Hesabu atazisoma mweka hazina mwenyewe, kwa hiyo mimi sitazigusa. Nafasi hii nataka niitumie kwa jambo lililotushughulisha kuliko yote: sheria za matumizi ya nishati katika nyumba tunazopangisha.

Nyumba zetu ziko nchi tofauti, lakini swali mnalolileta kwa kamati ni lile lile: je, nisubiri serikali inilazimishe, au nianze sasa? Jibu langu ni anzeni sasa, na nitaeleza kwa nini.

Wenye nyumba England na Wales mnajua kwamba tangu Aprili 2018 mkataba mpya wa upangaji unahitaji nyumba iwe na cheti cha nishati (karatasi inayopima jinsi nyumba inavyotumia nishati, kuanzia daraja A lililo bora hadi G lililo baya) cha daraja E au bora zaidi, na tangu Aprili 2020 sharti hilo linahusu hata wapangaji waliokuwemo tangu zamani. Faini inaweza kufika pauni 5,000 kwa nyumba moja. Upo msamaha kwa nyumba ambayo haiwezi kufika E hata baada ya kutumia pauni 3,500, ila lazima usajiliwe, na baada ya miaka 5 unakwisha. Serikali ya huko imeshaeleza nia ya kupandisha kiwango hadi C ifikapo 2030. Ufaransa wamekwenda mbali zaidi. Tangu Januari 2025 nyumba ya daraja G haiwezi kuingia mkataba mpya wala kuhuishiwa wa zamani. Daraja F zitafuata 2028, na E mwaka 2034. Kabla ya hapo, tangu Agosti 2022, nyumba za F na G zilikwishazuiwa kupandishiwa kodi ya pango.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Ujerumani. Tangu Januari 2023 tozo ya kaboni (ada ya hewa ya ukaa inayotoka mafuta au gesi ikichomwa) iliyomo kwenye gharama ya kupasha nyumba joto hugawanywa kati ya mwenye nyumba na mpangaji. Nyumba inayotoa chini ya kilo 12 za hewa ya ukaa kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, mpangaji hulipa tozo yote. Ikifika kilo 52, mwenye nyumba hubeba asilimia 95. Naiona ni haki. Mpangaji hana ruhusa ya kugusa paa wala ukuta, kwa nini abebe peke yake gharama ya joto linalotorokea huko?

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Wanachama wengi hukimbilia mashine kwanza. Wanasikia kwamba pampu ya joto, mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kuliingiza ndani, hutoa takriban uniti 3 za joto kwa uniti 1 ya umeme, nao wanaagiza. Taarifa hiyo ni ya kweli, lakini mashine hiyo ikifungwa kwenye nyumba inayovuja itafanya kazi usiku kucha, na bili itamshtua mpangaji. Anzeni juu. Pandeni darini na tochi na rula, mpime unene wa sufi iliyotandazwa kuzuia joto lisitorokee paani. Nyumba nyingi za zamani zina tabaka jembamba lililokwisha kulala, na kwingine mafundi wa umeme walilisogeza pembeni wakapitisha nyaya, wasilirudishe. Kujazia hapo ni kazi ya siku chache na haimhamishi mpangaji. Kisha zibeni nyufa za milango na za mabomba yanayopita ukutani, vikeni tangi la maji ya moto koti lake, wekeni taa za LED. Boila (mtambo wa kupasha maji na nyumba joto) na pampu zije baadaye, na zipimwe upya, maana nyumba iliyozibwa vizuri hutosheka na mashine ndogo.

Lakini msizibe mkasahau hewa. Hapa ndipo nimeona madhara makubwa. Madirisha mapya yanawekwa, yanabana sawasawa, na bafu halina feni ya kutoa mvuke. Miezi michache baadaye, nyuma ya kabati la nguo lililoegemea ukuta wa nje, kuvu jeusi limepanda hadi usawa wa kiuno. Kisha mpangaji anaambiwa ni kosa lake, anaanika nguo ndani. Ndugu zangu, tusiwafanyie watu hivyo. Kila chumba kinachotoa mvuke kiwe na njia ya kuutoa, na feni ikishafungwa mshike karatasi mbele yake muone kama inavuta kweli.

Kuhusu cheti, nasisitiza jambo ambalo wengi wamelipuuza. Mkaguzi hachimbi ukuta. Asichokiona na kisicho na ushahidi, hukikadiria kwa umri wa nyumba, na makadirio hayo mara nyingi hushusha daraja. Kwa hiyo pigeni picha kazi ikiwa bado wazi, kabla fundi hajafunika, na mhifadhi risiti zinazotaja aina ya kifaa na unene wake. Someni pia ukurasa wa mapendekezo, kwa kuwa huonyesha hatua ipi itapandisha daraja kwa kiasi gani. Msiridhike na herufi ya mbele tu.

Mwisho, zungumzeni na wapangaji kabla fundi hajagonga mlango. Wapeni tarehe kwa maandishi, waulizeni chumba kipi huwa baridi zaidi. Wao ndio wanaolala humo.

Kwa mwaka unaokuja kamati inaandaa daftari la tarehe za kuisha kwa vyeti. Cheti cha England na Wales hudumu miaka 10, na vilivyotolewa siku za mwanzo vimeanza kuisha kimya kimya wapangaji wakiwa ndani. Kila mwanachama amletee katibu nakala za vyeti vya nyumba zake, ili tuweze kumkumbusha mapema na kutafuta mafundi kwa pamoja pale nyumba zinapokaribiana.

Wenu katika utumishi,
Mwenyekiti