Kupaliwa Si Kunywa Maji

Entebbe, 24 Novemba

Kwako shoga yangu Zaituni,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi tu wazima, na baba watoto amesharudi safari. Pole tena kwa msiba wa shangazi. Sikuweza kufika Arua kwa sababu siku zile zile nilikuwa hospitali na mwanangu Imrani. Kwenye simu nilikuambia ni kifua tu, maana sikutaka kukuongezea mzigo ukiwa matangani. Leo nakueleza yote, kwa kuwa mwezi ujao unawaleta watoto, na najua kitu cha kwanza watakachodai ni maji.

Jumapili ile tulialikwa kwenye sherehe, mahali penye bwawa la kuogelea. Watoto walikuwa upande wa kina kifupi, sisi wakubwa tumekaa hatua kumi tu kutoka pale, tunakula na kupiga soga. Imrani akateleza. Hakupiga kelele, Zaituni, wala hakurusha mikono. Binamu yake ndiye aliyeona kichwa hakionekani, akamvuta juu. Sidhani hata nusu dakika ilitimia. Alikohoa sana, akatapika juisi, akalia, nikamfunga taulo. Kila mtu akasema, "Kanywa maji tu huyo." Na mimi nikasema hivyo hivyo. Ilikuwa saa tisa alasiri.

Neno hilo "kanywa" ndilo lililotulaza. Maji aliyokunywa mtoto yamekwenda tumboni, yatatoka kwa njia yake. Ya kuogopa ni yale yaliyompalia, yaliyopita njia ya pumzi. Lugha yetu inayo maneno mawili kwa mambo hayo mawili, lakini siku ile hakuna aliyetamka la pili.

Nyumbani alikataa chapati, akajilaza mkekani kabla ya magharibi, yeye ambaye mchana humlazi hata kwa kumbembeleza. Saa moja kikohozi kikarudi, kifupi kifupi, kikavu. Nikamvua fulana nimpake mafuta kifuani, na hapo nikaona: kila akivuta pumzi, ngozi chini ya mbavu inabonyea ndani, na kile kishimo cha shingoni kinazama. Pua zinatanuka. Nikashika simu nikahesabu pumzi dakika nzima. Zilikuwa 56. Mtoto wa miaka minne aliyetulia akifikisha 40, hizo tayari ni za mbio.

Kliniki ya karibu walinipa dawa ya maji ya kikohozi, wakasema ni baridi ya bwawa, nikamlaze. Nilikuwa nimeshageuka kuondoka nilipomtazama midomo chini ya taa ya mlangoni. Ilikuwa rangi ya majivu. Nikapanda boda moja kwa moja hadi hospitali kubwa, nimembana kifuani kwangu, njia nzima nasikia kile kikohozi.

Pale walimbana kidole kwa kile kifaa cha kupima oksijeni, kikaonyesha asilimia 87. Mtoto mzima huwa juu ya 95. Wakamwekea mipira ya oksijeni puani, wakampiga picha ya kifua, tukalala huko siku mbili. Nilidhani watamnyonya maji kutoka mapafuni, lakini daktari akanieleza kwamba maji yenyewe yaliyoingia huwa machache. Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo mno, na vimepakwa utelezi unaovizuia kushikana. Maji yakiingia huusuuza utelezi ule. Vifuko vinasinyaa, kisha pafu lenyewe linaanza kuvuja majimaji yake. Jambo hilo huchukua saa kadhaa, ndiyo maana mtoto anatembea kwanza, anazungumza, halafu anazidiwa jioni.

Nikamuuliza kuhusu huku "kuzama kukavu" tunakosikia watu wakikutaja, yaani mtu kuzidiwa akiwa ameshatoka majini. Akasema madaktari hawalitumii jina hilo. Mwaka 2002 wataalamu walikutana Amsterdam wakakubaliana kwamba pumzi ikishaharibiwa na maji, huko ni kuzama tayari, afe mtu au apone. Kwa hiyo Imrani wangu alizama. Nilichukua muda kulikubali neno hilo.

Sikuandikii ili uwatie watoto hofu ya maji. Aliyekohoa mara mbili tatu kisha akarudi kucheza, mwache acheze. Wala usiamini kwamba mtoto aliyeonekana mzima kabisa ataanguka ghafla baada ya wiki. Dalili karibu zote hujitokeza ndani ya saa 8 za kwanza. Ila mtoto aliyeopolewa, au aliyekohoa asinyamaze, saa hizo ni za kumkaa karibu. Kikohozi kinachorudi, pumzi za mbio, mbavu zinazobonyea, povu mdomoni, kutapika, usingizi usio wake, midomo kubadilika rangi: ukiona mojawapo, usisubiri asubuhi, na usikubali kurudishwa nyumbani kwa chupa ya dawa. Waambie waziwazi kwamba alizama, kwa sababu mimi kliniki nilisema "anakohoa" na wakatibu kikohozi.

Na ile desturi ya kumning'iniza mtoto miguu juu au kumkamua tumbo, iacheni kabisa. Inatoa maji ya tumboni pamoja na matapishi, na matapishi hayo yanaweza kumpalia upya. Aliyeacha kupumua anahitaji kupuliziwa pumzi mdomoni papo hapo, na kukandamizwa kifua.

Kwa hiyo tukienda ufukweni na watoto wako, mimi na wewe tutapokezana. Mmoja akila, mwingine anakaa ukingoni, miguu majini, simu mkobani. Nimeshamweleza baba watoto naye atachukua zamu. Pipa la maji ya mvua nyuma ya nyumba nimeshalitilia mfuniko mzito, maana yule mtoto wako mdogo anaanza kutembea.

Imrani ameshapona, anamuulizia Shabani wako kila siku. Usiku bado naamka kusikiliza anavyopumua. Nijulishe basi lenu linaondoka saa ngapi, na mkishavuka daraja la Karuma unipigie, nianze kuwapikia.

Shoga yako,
Hadija