Risala ya Klabu ya Mazingira ya Skuli kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kupanda Mikoko, Wilaya ya Micheweni, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Sheha,
Walimu, wazee wetu na wanafunzi wenzetu,

Assalaam alaykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha hapa pwani tukiwa wazima. Nawe Mheshimiwa tunakushukuru kwa kukubali kuingia topeni pamoja nasi. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, katika zama za barafu bahari ilishuka zaidi ya mita 100, Unguja ikaungana na bara. Pemba ilibaki kisiwa, kwani mkondo unaotutenga na bara una kina cha takriban mita 800. Ndiyo maana tunao popo wa Pemba, mpapindi, mti wa jamii ya minazi, wa msitu wa Ngezi na aina nne za ndege wasiopatikana kwengine popote duniani. Popo huyo alikaribia kutoweka kwa kuwindwa na kukatiwa miti. Wanavijiji walipoamua kumlinda, kama kule Kidike, idadi yake ilipanda tena. Habari hii inatupa moyo sana, maana waliofanya kazi ile ni watu kama wazee waliokaa hapa leo.

Wenzetu wa magharibi mwa kisiwa wana vilima vyenye udongo wa kina, na mikarafuu inastawi. Sisi huku tuko juu ya maweni. Mkulima hutafuta penye udongo kidogo baina ya mawe, akachomeka muhogo au akatia mtama. Mpunga hauna pa kwenda ila mabondeni, na mabonde yenyewe yanaishia baharini. Kwa hivyo, Mheshimiwa, ardhi yetu bora ndiyo iliyo chini kuliko zote.

Hapo ndipo penye uchungu wetu. Bahari inapanda duniani kote kwa sababu ya joto, na huku mikoko iliyokuwa ikipunguza nguvu ya mawimbi na kushika tope imekatwa kwa boriti, kuni na kuchomea chokaa. Likija bamvua kubwa, yaani maji kujaa sana wakati wa mwezi mpya na mwezi mpevu, maji ya chumvi yanaingia hadi kwenye majaluba ya mpunga. Mpunga unaanza kuungua ncha, kisha unakauka. Mvua za masika zikiwa haba, chumvi haioshwi, na mwenye jaluba analiacha. Mama zetu ndio wanaolima mabonde hayo, na wao ndio wanaohangaika na chakula cha nyumbani.

Leo tutapanda kwa kufuata maji yanavyojaa na kutoka. Kila aina ya mikoko ina mahali pake: mlilana unastahimili mbele, unakopigwa na bahari. Mkoko wenyewe unafuata kwenye tope laini, na mkandaa na mchu inakaa nyuma kuelekea nchi kavu. Mche ukiwekwa pasipo pake unakufa hata kama siku ya kupanda watu walikuwa wengi. Kwa hiyo tunakuomba Mheshimiwa uturuhusu tukuoneshe mahali pa mche wako.

Tuna maombi. Kubwa ni tuta la kuzuia bahari kwenye mdomo wa bonde, lenye milango ya kufunga maji yakijaa na kufungua ili mvua ioshe chumvi. Bila milango, tuta litafungia chumvi ndani. Pia, wanaokata mikoko ni jirani zetu, na wengi wao hawana kuni nyengine. Kuwakamata peke yake hakutoshi. Tunaomba miche ya mvinje ipandwe kwa ajili ya kuni na boriti, na mitungi ya gesi iwafikie kwa bei wanayoimudu. Kwa klabu yetu tunaomba kipimo cha mvua na kifaa cha kupimia chumvi ya maji, ili tuweke kumbukumbu za kila bamvua na kuzipeleka kwa mabwana shamba.

Maji yameshaanza kutoka na miche iko tayari. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.