Wakisema Wageni Wasimame, Simama

Moshi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo. Baba yako goti bado linamsumbua, lakini shambani haachi kwenda. Nimechukua kalamu kwa sababu simu yako hukatika kabla sijafika nusu ya maneno.

Uliniambia kwamba huko Bukoba unakwenda kanisani kila Jumapili, nikashukuru. Halafu ukaongeza, tena kwa kucheka, kwamba mzee wa kanisa akimaliza matangazo na kusema wageni wasimame, wewe unainamia simu mpaka lipite. Eti hupendi watu kugeuka kukutazama. Jamani, baba! Tangu upangiwe kituo huko mpaka leo, usharika mzima haujui hata jina lako?

Na yale maandishi ya safari uliyonitumia nimeyasoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani. Kuandika unajua, hilo sina ubishi nalo. Ziwa lipo, Mto Kanoni upo, uwanja wa Kaitaba upo, hata senene kwenye kikaango wapo. Lakini kutoka mwanzo hadi mwisho hakuna mtu hata mmoja aliyefungua mdomo. Nikashangaa, maana wewe tangu utoto ni msemaji. Ndipo nikaikumbuka habari ya wageni wasimame. Nani atakusimulia jambo wakati hajui wewe ni nani na umetoka wapi?

Mimi Bukoba nilifika na kwaya ya akina mama, wewe ukiwa bado shule. Tulipanda meli Mwanza usiku. Kabla haijaondoka, mama mmoja ambaye wala hakuwa wa kundi letu alianza kuomba kwa sauti, na watu wa daraja la tatu wakaitikia amina, Waislamu kwa Wakristo. MV Bukoba iliyozama Mei 1996 bado inakumbukwa na kila anayekata tiketi pale. Usingizi sikupata, ila kulipopambazuka tukiwa Kemondo niliona mikungu ya ndizi imerundikwa gatini hadi nikasema hawa watu ni ndugu zetu Wachaga.

Jumapili tulisimama. Nikasema Bwana Yesu asifiwe, nikataja jina langu na kwamba natoka Kilimanjaro, nikakaa. Ibada ilipokwisha tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka, kama huku kwetu tu: ndizi, mayai kwenye kikapu, maharage. Mzee wa kanisa alimnyanyua jogoo kwa miguu, kichwa chini, mabawa yamefunguka. "Elfu nane! Nani anaongeza?" Kusema kweli jogoo mwenyewe alikuwa mwembamba, hakufikia bei hiyo. Bibi mmoja akaongeza mia tano. Kijana wa kwaya naye akaongeza. Bibi akapanda tena, huku anafungua fundo kwenye pindo la kitenge na kuzinyoosha noti pajani mojamoja. Alipompata yule jogoo hakumpokea. "Mpeni huyo mama wa Kilimanjaro," alisema, "asije akasema Bukoba wamemwacha aondoke mikono mitupu."

Jioni tukawa kwake. Alinipa kahawa ya kutafuna, zile punje zinazofungwa kwa ganda la mgomba. Ukiiweka mdomoni mara ya kwanza unatamani kuitema, lakini mbele ya mwenyeji unatafuna. Akaniuliza kwetu Injili ilifikaje. Nikajidai kidogo: wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, sisi ni wa zamani. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwao Wahaya wenyewe walikwenda Buganda, wakarudi na vitabu vya Kiganda, wakawa wanakusanyika kusoma na kusali. Wamisionari wa Betheli kutoka Ujerumani walipofika mwaka 1910 walikuta ibada zimeshaanza. Sikuwa na la kujibu.

Ndiyo maana ulipoandika kwamba huko ni "mji mdogo uliotulia" nilitikisa kichwa. Upande huo ndiko alikotoka Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kufanywa kardinali nyakati hizi zetu, mwaka 1960. Ndiko alikotoka Askofu Josiah Kibira wa kanisa letu, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, aliyechaguliwa Dar es Salaam mwaka 1977. Hayo utayakuta vitabuni, sawa. Lakini wapo wazee hapo kanisani kwenu waliowaona watu hao kwa macho, na wewe unakaa nao benchi moja ukiangalia simu.

Usiku ule niliandika kwenye kaunta buku maneno ya yule bibi kama alivyoyasema. Ziwa sikuliandika kabisa. Hilo kaunta buku lipo kabatini, ukija likizo utalisoma.

Jambo moja uwe nalo makini. Mtu akisimama kushuhudia habari ya ndoa yake au ugonjwa wake, hayo amelisemea kanisa, hayaendi kwenye maandishi yako mpaka umemwomba ruhusa na amekubali. Mahubiri marefu unaweza kuyalalamikia upendavyo, hata mimi hunichosha, ila usimtaje mchungaji.

Barua yako ya utambulisho mchungaji wa huku ameshaisaini na kuigonga muhuri. Nimeiweka kwenye bahasha ya kaki pamoja na soksi alizokununulia dada yako, na kifurushi kinaondoka na basi la Alhamisi. Kakichukue stendi wewe mwenyewe, usimtume mtu. Jumapili mpe mzee wa kanisa hiyo barua mkononi kabla ibada haijaanza, ili akuite kwa jina. Jioni nipigie, na usisahau kuweka salio la kutosha.

Mama yako