Kwa vijana mnaokwenda Ulanga na sanduku la dawa

Tumsifu Yesu Kristo, wajukuu zangu. Na ninyi wa makanisa mengine, Bwana asifiwe.

Nimesikia mnapanda Mahenge, kule Ulanga, kwa huduma ya mkoba, wiki nzima, madaktari na wauguzi na mtu wa maabara, na kwaya juu. Nimefurahi. Mimi nimevaa gauni la uuguzi miaka 34 katika hospitali za misheni, na neno nililo nalo ni la kifafa tu. Hata kama mmejipanga kupima presha na sukari, mtaletewa kifafa.

Mwaka wangu wa pili kazini alikuja mama mmoja na binti wa miaka kama tisa. Alikaa mwisho kabisa wa benchi, akaacha nafasi ya watu watatu katikati. Kwenye pindo la kanga alikuwa amefunga kikombe cha bati, cha mtoto peke yake, maana kwao mate ya mwenye kifafa yanaambukiza. Nilipomuuliza shida, akajibu kwa sauti ya chini kwamba hii ina mkono wa mtu. Nami, na ujana wangu na cheti changu kipya, nikauliza kwa sauti ya juu: amelogwa na shangazi au na jirani? Benchi zima likacheka. Mama akainuka, akambeba mtoto, akaondoka. Miezi kadhaa baadaye nikasikia binti ameangukia mafiga. Watu walikuwepo. Hakuna aliyemgusa, kwa kuogopa povu.

Sijawahi kumsimulia paroko habari hiyo bila kulia, na nimemsimulia mara nyingi.

Someni tena Marko sura ya 9, yule baba na mwanawe anayeanguka motoni na majini. Kabla ya kumkemea pepo, Bwana wetu anamwuliza baba: tangu lini? Baba anajibu, tangu utotoni. Basi hata Yeye alichukua historia ya mgonjwa! Ninyi mna fomu yenye mistari kumi ya kuandika historia hiyo, na bado mnaijaza huku mmeangalia saa.

Kuna daktari mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alikuta watu wamefichwa, wameungua, wanalishwa kando. Aliwasikiliza Wapogoro, wenyeji wa huko. Wao ndio waliomweleza habari ya watoto wanaosinzia kichwa, kidevu kikishuka na kupanda kama mtu mwenye usingizi, na leo wataalamu wanahusisha hali hiyo na ugonjwa wa usubi, ule wa minyoo inayoletwa na inzi wadogo wa kwenye mito iendayo kasi. Kwa hiyo mkiona mtoto anasinziasinzia juu ya sahani ya ugali, msimpite. Na ulizeni kama kaya hiyo inameza dawa ya usubi inapogawiwa.

Mama akikuambia ni pepo, usimbishie, wala usimwitikie. Mwambie hivi vidonge vinazuia kuanguka, sala tutasali, na vidonge atameza kila siku. Hirizi iacheni shingoni. Sisi tulikuwa tunazikata kwa mkasi pale wodini, tukidhani tunamsaidia Kristo, na kumbe mama aliona tunamvua mtoto nguo mbele ya adui. Hirizi haigombani na fenobabitoni, kile kidonge cha kifafa. Wembe mmoja wa kuwachanja chale watoto watano, hilo semeni bila kumung'unya maneno.

Na msimwite kila mganga mchawi. Nchi hii ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2002, na wewe daktari ukipelekwa wilayani utaitwa Mganga Mkuu. Jina mmegawana na yule mzee wa chini ya mwembe. Kamsalimieni siku ya kwanza. Wagonjwa wa kifafa wa kijiji kizima anawajua yeye.

Degedege ni mbio. Mtoto anayetetemeka na homa hangoji mazungumzo: mlaze ubavu, mpime malaria, mpime sukari, anza dawa. Baba atakataa sindano kwa sababu ameshaona mtoto anachomwa na kufa, na aliyoyaona ni kweli, ila yule aliletwa siku ya tatu. Mweleze hivyo huku mikono inafanya kazi.

Sasa lile linaloniuma kuliko mizimu yote. Kuna mhubiri alipita kwetu na maspika, akawaambia wenye kifafa watupe vidonge kama ushuhuda wa imani. Ukiacha fenobabitoni ghafla, kifafa hurudi mfululizo, anguko juu ya anguko, na mtu anaweza kufa nacho. Tulizika. Wanakijiji wakasema pepo amerudi na ndugu zake saba.

Lakini na sisi wa misaada tumefanya hivyohivyo kwa njia ya adabu. Tunakuja wiki moja, tunaanzisha dawa, tunapiga picha, tunaondoka, dozi inaisha mwezi wa pili tangu tuondoke. Kifafa hakijui tofauti kati ya aliyeamriwa kuacha na aliyeishiwa.

Kwa hiyo nawaomba: kabla hamjamwandikia mgonjwa hata kidonge kimoja, kaeni na mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa zahanati ya pale, mfungue kabati pamoja, mhesabu makopo. Kama dawa haitatosha miezi sita, punguzeni magari na fulana zenye nembo, pesa hiyo iende kwenye makopo. Andikeni majina kwenye daftari lake yeye, msiandike kwenye kompyuta yenu tu.

Mkipita Ifakara nipigieni, nitawapa mchele wa njiani.

Bibi yenu, muuguzi mstaafu