Mtutu baridi ndio wa kuamini

Lubumbashi, 14 Mei

Baba Furaha, ndugu yangu,

Jambo sana. Unisalimie Mama Furaha na watoto. Huku tuko wazima, baridi ya asubuhi imeanza kuuma. Nimefurahi kusikia kwamba kibali cha silaha na kibali cha kuwinda vyote viwili vimetoka, maana sheria ya uwindaji ya 28 Mei 1982 inavidai, na mtu akikutwa porini bila karatasi hana la kujitetea. Sasa unauliza jinsi ya kulenganisha hiyo bunduki yako, yaani kuifanya ipige pale jicho linapolenga: juu kalibre 12 ya marisau, zile risasi ndogondogo za ndege, chini mtutu wa risasi wa 7x65R, ndiyo saizi ya kartushi yake, na darubini juu yake. Nitakueleza yote, ila shika neno moja kabla ya mengine. Hizo ni bunduki mbili zilizofungwa pamoja kwa lehemu, na hazipendi kwenda sawa. Darubini utaitengeneza kwa ajili ya mtutu mmoja tu, wa risasi, ukiwa baridi. Huo mwingine utajifunza tabia yake na kuiandika kwenye daftari.

Anza na mahali. Kwa sisi wa Katanga Mungu ametupa vichuguu. Tafuta kimoja kikubwa, cha mita nne au tano kwenda juu, kisicho na mawe usoni, na karatasi ya shabaha uisimamishe chini kabisa mbele yake. Udongo wa kichuguu unaimeza risasi vizuri. Lakini kwanza zunguka nyuma. Kiangazi hiki wachoma makala wako kila mahali porini, na risasi ya 7x65R ikikosa udongo inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 3. Mweke kijana mmoja njiani azuie wapita njia, na asiondoke hapo mpaka umwambie.

Nyumbani, kabla ya kwenda, fungua bunduki, hakikisha hakuna kitu ndani, halafu vua mitutu. Pitisha kitambaa kikavu katika mitutu yote miwili mpaka kitoke bila alama ya mafuta. Mtutu wenye mafuta hupeleka risasi ya kwanza mahali pake peke yake, nawe utakuja kuhangaika na kosa ambalo si la darubini. Soma namba zilizogongwa kwenye mitutu. Kama imeandikwa 12/70, yaani kartushi ya milimita 70, usiweke kartushi ya milimita 76 hata kama inaingia. Inaingia kwa sababu bado imekunjwa mdomo. Ikilipuka mdomo unafunguka, haupati nafasi, na nguvu inarudi nyuma kwako.

Kisha skrubu za darubini. Zifungue, zifute kwa spiriti pamoja na vitobo vyake, zikaushe, uzirudishe kwa mpangilio wa msalaba: moja kushoto mbele, inayofuata kulia nyuma, kidogo kidogo. Tumia bisibisi inayojaza mfereji wa skrubu, nyembamba itaula. Jicho likae sentimita 8 au 9 nyuma ya kioo, maana bunduki hii ni nyepesi na teke lake litakupasua nyusi ukiikaribia. Msalaba wa ndani ya kioo usimame wima: funga jiwe kwenye uzi, lining'inize ukutani, uone kama mstari wa kioo unalala juu ya uzi. Ukiwa umepinda, kila ukipandisha risasi itakwenda pia pembeni, utachanganyikiwa.

Sasa kuna faida moja ya bunduki inayofunguka katikati. Darubini imekaa juu ya mitutu yenyewe, haikushikana na kitako. Kwa hiyo chukua mitutu iliyovuliwa, ilaze juu ya mifuko ya mchanga mita 25 kutoka kwenye karatasi, chungulia ndani ya mtutu wa chini kutoka nyuma mpaka alama nyeusi ikae katikati ya duara la mdomo. Bila kuigusa, inua jicho utazame kwenye darubini, zungusha vifundo vya darubini mpaka msalaba ufike kwenye alama hiyohiyo. Dakika kumi hizo zitakuokolea kartushi nne au tano, na wewe unajua bei yake hapa mjini.

Mifuko ya mchanga usinunue. Mguu wa suruali ya zamani, ushone upande mmoja, jaza mchanga mkavu, funga. Miwili ya mbele, mmoja mdogo chini ya kitako. Mbao ya mbele, ile ya chini ya mitutu, ndiyo inayolala juu ya mfuko, karibu na bawaba inapofungukia bunduki, na kila mara mahali palepale: tia alama ya penseli. Mtutu wenyewe usiguse kitu chochote. Ukiulaza mtutu juu ya kitu kigumu, unaruka wakati wa kulipuka na risasi inapanda juu ya pale ulipolenga.

Piga risasi moja mita 25. Usitegemee igonge katikati, na usiirekebishe ipige katikati. Mtutu wako wa risasi uko chini ya ule wa marisau, kwa hiyo kutoka kati ya mtutu hadi kati ya darubini kuna kama sentimita 8. Risasi inaanza safari chini ya jicho lako na bado inapanda. Mita 25 igonge sentimita 3 hadi 4 chini ya alama, kushoto na kulia ikiwa sawa. Ikifika hapo, mita 50 itakuwa karibu kabisa na alama, mita 100 kama sentimita 4 juu, na kuelekea mita 200 inakuwa imeanza kushuka chini ya alama. Katika miombo yetu, ambapo pongo au funo unamwona mita 40, 60, mara chache 100, huhitaji zaidi ya hapo.

Hamia mita 100. Hapa ndipo watu wengi wanaharibu kazi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mitutu yako imelehemiwa tangu nyuma hadi mdomoni. Ukipiga mtutu wa chini, wenyewe unapata moto na chuma kinarefuka. Wa juu bado ni baridi, haurefuki. Sasa wa chini unataka kwenda mbele, wa juu unaushikilia. Matokeo yake mitutu yote inapinda kidogo sana, mdomo ukielekea juu. Risasi ya pili inapiga juu ya ya kwanza, ya tatu juu ya ya pili. Ukiitazama karatasi utaona matundu yamejipanga kama ngazi. Mwenye haraka anashusha kwa kifundo kufuata risasi ya tatu, anarudi nyumbani akiwa ameridhika, na siku ya kuwinda, mtutu ukiwa baridi wa asubuhi, risasi inapita chini ya tumbo la mnyama au, vibaya zaidi, inamvunja mguu akaenda kufia mbali. Mnyama hana kosa hapo.

Basi piga moja. Fungua bunduki, iweke kivulini imefunguka, hewa ipite. Ngoja dakika 15. Shika mtutu kwa kiganja karibu na mahali pa kartushi. Ukisikia joto lolote, ngoja tena. Piga ya pili, ngoja, piga ya tatu. Risasi tatu zitakula karibu saa nzima, na ni sawa. Anza saa moja asubuhi kabla jua halijakaa kwenye chuma.

Matundu hayo matatu yakiwa ndani ya sentimita 6 au 7, tafuta katikati yake na upime kwa rula. Tuseme yako sentimita 9 kulia na 4 chini ya alama. Unataka yawe 4 juu, maana yake unahitaji kupanda sentimita 8 na kwenda kushoto 9. Angalia kilichoandikwa kwenye kifundo. Kama ni 1/4 MOA, hicho ni kipimo cha pembe, kila mlio wa kifundo unasogeza kama milimita 7 kwa mita 100: milio 11 kupanda, 13 kushoto. Kama kimeandikwa sentimita 1, ni milio 8 na 9. Kwa mita 50 mlio huohuo unasogeza nusu yake, hilo wengi wanalisahau. Darubini za zamani hazifuati mara moja. Baada ya kuzungusha, gonga kifundo taratibu kwa mpini wa bisibisi. Kisha tatu nyingine, baridi vilevile. Kartushi 12 zinatosha kazi yote ya mtutu huu.

Usichanganye kartushi. Risasi ya gramu 10.5 na ya gramu 11.5, hata za kiwanda kimoja, zinaweza kuachana sentimita kadhaa mita 100, kwa sababu mitutu iliyolehemiwa inatikisika kwa namna yake kwa kila uzito. Chagua moja unayoweza kuipata tena, andika daftarini jina, uzito na namba ya boksi.

Karatasi itakuambia ugonjwa. Ngazi ya kwenda juu ni moto. Makundi mawili yaliyoachana, mawili hapa na mawili pale, ni skrubu au kibano cha darubini kinacholegea. Yakitawanyika ovyo, kwanza jilaumu kidole, halafu tazama mdomo wa mtutu kwa kioo cha kukuzia: kikwaruzo kidogo pale ukingoni kinatosha kuipotosha risasi. Na jaribu kutikisa mitutu bunduki ikiwa imefungwa na mbao ya mbele imetolewa. Ikicheza kwenye bawaba, hakuna kifundo kitakachoiponya.

Kuhusu vifyatuo. Kwa bunduki nyingi za namna hii cha mbele ni cha mtutu wa risasi, na kinaweza kutegwa kwa kukisukuma mbele mpaka kilie. Baada ya hapo kinaachia kwa kuguswa tu. Thibitisha kwa yako, ikiwa tupu. Ukilenganisha kikiwa kimetegwa, na kuwinda uwinde hivyohivyo, kwa sababu kidole kinachovuta kwa nguvu kinasogeza mdomo. Kitege bunduki ikiwa begani na imeelekea kwa mnyama, si kabla. Mnyama akiondoka, fungua bunduki kwanza, ndipo ukitegue.

Sasa mtutu wa juu. Darubini usiiguse tena. Weka karatasi mita 35, piga kartushi tatu za risasi nzima aina ya Brenneke, ile yenye mbavu pembeni ambayo huyo Mjerumani Wilhelm Brenneke aliitengeneza mwaka 1898. Mbavu zake zinabanika, kwa hiyo inapita hata kwenye mdomo uliobanwa, yaani uliofanywa mwembamba ili marisau yasitawanyike. Nyingine usizitie bila kusoma boksi. Labda zitagonga sentimita 10 chini na 5 kushoto. Andika hivyo, jaribu chapa nyingine, chagua inayokaribia zaidi. Ukijua kwamba kwa mita 35 inabidi ulenge juu ya bega badala ya katikati yake, umemaliza.

Kwa kanga na kware, bandika karatasi za mita moja kwa moja, zilizogundishwa. Lenga katikati kutoka mita 35, piga moja. Tafuta mahali marisau yalipojaa zaidi, piga msumari hapo, funga uzi wa sentimita 37.5 na penseli, chora duara. Hesabu matundu ndani yake, ulinganishe na idadi ya marisau kwenye kartushi moja uliyoifungua mezani. Mdomo uliobanwa kabisa unaweka kama 70 kwa 100 ndani ya duara, uliobanwa nusu 60, usiobanwa 40. Katikati ya duara pakiwa mbali na ulipolenga kwa kiganja kimoja, kanga hataona tofauti.

Kama mitutu miwili inaachana kupita kiasi, tazama karibu na mdomo. Baadhi, kama Izh-94 ya Warusi, mitutu yake haikulehemiwa yote. Ina skrubu za kuisogeza mmoja kwa mwingine. Tia alama ya rangi, zungusha robo, piga, angalia. Lakini yako imelehemiwa, basi usikubali fundi wa mtaani aipashe moto au aipige nyundo. Kazi hiyo ni ya wafundi wa bunduki kama wa Suhl kule Ujerumani au Ferlach kule Austria, na kwao pia ni kazi ngumu.

Alama za chuma za kulengea, ya nyuma na ya mbele juu ya mitutu, usiziache, siku darubini inaingia maji utazihitaji. Hesabu yake ni hii: zidisha umbali kati ya alama hizo mbili kwa kosa lako, gawa kwa umbali wa shabaha, vyote kwa milimita. Alama zikiachana milimita 450, risasi ikipiga 120 chini kwa mita 50, ni 450 mara 120, gawa kwa 50,000, unapata milimita 1 na kidogo. Alama ya nyuma inakwenda unakotaka risasi iende. Ya mbele inakwenda kinyume, kwa hiyo hapo unaipunguza kwa tupa. Punguza nusu ya hesabu kwanza, piga, ndipo uendelee. Chuma kilichoondoka hakirudi.

Mvua zikianza Novemba, mbao ya mbele inavimba na kusukuma mitutu. Paka mafuta ya kitani ndani yake sasa, kungali kukavu. Na kila ukifika porini baada ya ile barabara yenye mashimo, shika skrubu zote kwa vidole. Kartushi usiziache mbele ya gari kwenye jua, baruti ya moto inasukuma zaidi.

Karatasi za mita 100 usizitupe. Andika kwenye kila tundu ni la ngapi na saa ngapi, unitumie kwa dereva wa basi anayekuja Jumamosi. Nataka kuona hasa yale ya kwanza ya kila asubuhi.

Ndugu yako,
Ilunga