Karavani inahitaji breki zake yenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo linalonikera kila sikukuu zinapokaribia. Wateja wanaoleta pikapu gereji kwetu ili tuziandae kukokota karavani, yaani trela la kulala, huanza na swali lilelile: "Fundi, tukiifunga turbo hii itapanda Kitonga?" Turbo ni kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi ili iongeze nguvu, na Kitonga ni ule mlima wa njia ya Iringa. Sijasikia anayeuliza gari litashukaje.

Mimi ni fundi wa magari ya dizeli hapa Tabata. Kabla ya kushika spana nilikuwa utingo, baadaye dereva, kwenye malori ya njia ya Tunduma. Nimeshuka Kitonga nikiwa nimekumbatia gogo la kuzuia tairi, nikisubiri dereva aniambie ruka. Kwa hiyo nikizungumzia mteremko ule sisimulii ya kusikia.

Watu wa Dar wameanza kupenda kusafiri na kitanda chao. Familia inakwenda Mikumi, Saadani au Lushoto na trela lenye godoro, jiko, friji na tangi la maji. Mengine yanaletwa yametumika kutoka Afrika Kusini, mengine yanachomelewa hapahapa mjini kwa kuangalia picha ya kwenye simu. Hilo ni jema, na kazi inapatikana kwa sisi mafundi na kwa wachomeleaji. Shida yangu ni kwamba trela la kuchomelea linatoka karakana likiwa na rangi nzuri, dirisha la wavu na taa za rangi kwa ndani, lakini magurudumu yake hayana breki hata moja. Ukimuuliza mwenyewe, anakujibu kwamba gari lina breki.

Gari lina breki za kusimamisha gari, pamoja na mzigo ambao mtengenezaji aliupigia hesabu. Ukining'iniza nyuma yake tani mbili zisizo na breki, umezipa breki hizo kazi ambayo hazikuajiriwa kuifanya. Australia, ambako watu wanakokota karavani kila pembe ya nchi, trela linaruhusiwa kutokuwa na breki likiwa halizidi kilo 750. Likizidi hapo, breki ni lazima. Likizidi kilo 2,000, kila gurudumu la trela liwe na breki, na kuwe na mtambo wa kulisimamisha lenyewe endapo litachomoka. Ulaya nao wana mstari wa kilo 750. Hawa ni watu wenye barabara pana kuliko zetu, na hawana Noah inayokatiza mbele yako pale Mlandizi.

Mwaka jana alinijia bwana mmoja mstaafu wa bandarini. Ana Land Cruiser pikapu yenye injini ya 1HZ, gari zuri lililotunzwa, na karavani aliyoitengenezesha mwenyewe. Alitaka turbo. Nikamuuliza karavani ina uzito gani, akasema tani moja au pungufu kidogo. Nikamwomba tuipeleke kwa jamaa wa vyuma chakavu wenye mizani ya kupimia magari. Ikasoma kilo 2,140, tangi la maji likiwa limejaa na vyombo vikiwa ndani. Mzee alishuka akaenda kuisoma ile namba mwenyewe, akarudi akitikisa kichwa.

Uzito ule hata hivyo haukunitisha kama kitu kingine. Tulipoitenganisha na gari nilikishika kichwa cha trela, pale kinapokaa kwenye mpira wa chuma, nikakiinua kwa mikono yangu. Trela la tani mbili halitakiwi kuinuliwa hivyo na mtu mmoja, tena wa umri wangu. Maana yake ni kwamba mzigo wote uko mkiani: alikuwa ameweka jenereta na tangi la maji nyuma ya ekseli, kwa sababu huko ndiko kulikobaki nafasi. Kanuni ya Wamarekani ni kwamba kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa trela iegemee kwenye kichwa chake. Watu wa Ulaya wanakubali pungufu ya hapo, lakini hakuna anayekubali sifuri. Trela lenye kichwa chepesi, likifika spidi kubwa au likipitwa na basi, linaanza kucheza mkia. Mkia ukishaanza, dereva mgeni hukanyaga breki za gari, na hapo trela linamsukuma zaidi.

Tulihamisha tangi na jenereta mbele ya ekseli. Tukatoa ile ekseli tupu tukaweka yenye breki za ngoma, na kichwa cha trela cha aina ya kusukumwa: gari likipunguza mwendo, trela linakuja mbele, linausukuma mkono wa chuma, mkono unavuta waya, breki za trela zinakamata. Ni mtambo rahisi ambao fundi yeyote mwenye akili anaweza kuurekebisha porini kwa spana mbili. Ubaya wake uko kwenye mteremko mrefu, maana trela linakuwa linasukuma muda wote na ngoma zinapata moto. Kwa hiyo lazima usimame mahali salama, uzipoze. Breki za umeme ni bora zaidi, ila zinataka kidhibiti ndani ya gari na fundi wa umeme asiyebahatisha.

Gharama yote haikufika bei ya turbo. Na turbo mzee hakufunga, baada ya kumweleza kwamba 1HZ imetoka kiwandani bila turbo na mgandamizo wake wa hewa ndani ya silinda tayari ni mkubwa, zaidi ya 22 kwa 1. Toyota wenyewe walipotaka turbo kwenye dizeli ya lita 4.2 walitengeneza injini nyingine, 1HD-T, yenye kichwa cha silinda na pistoni za aina nyingine. Wapo wanaofunga turbo kwenye 1HZ ikadumu, sikatai, lakini wanaisukuma kwa kiasi kidogo na wanaweka geji ya joto la moshi mbele ya dereva. Hapa mjini unafungiwa turbo ya mtumba, pampu inafunguliwa mafuta mpaka moshi uwe mweusi, halafu unaambiwa "sasa inavuta." Inavuta kweli, mpaka pistoni ipasuke Ruaha Mbuyuni. Na hata ukiwa na nguvu za farasi mia tatu, Kitonga utapanda nyuma ya malori ya Zambia kwa gia ya pili kama wenzako wote. Utampita nani pale?

Nakuja kwenye springi. Mtindo wa sasa ni kuongeza majani nyuma ili pikapu isikae chini ikibebeshwa kichwa cha trela. Gari likikaa chini nyuma, pua inainuka, usukani unakuwa mwepesi na taa zinawapiga machoni wanaokuja mbele, kwa hiyo wasiwasi wa watu una msingi. Lakini jani la springi haliongezi uwezo wa ekseli, wala wa difu, wala wa chesesi, wala wa breki. Linaficha mzigo usionekane. Nikiona pikapu imesimama sawasawa na bado ina majani ya ziada mapya, huwa nauliza mzigo kabla sijauliza jambo lingine.

Wenye Canter na Fuso wana ugonjwa wao, wa umeme. Malori haya ya Kijapani yanatumia volti 24, karavani nyingi ni volti 12. Fundi wa haraka anachomoa volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili, taa zinawaka, mteja anafurahi. Baada ya muda betri ile inakuwa hoi kwa sababu inatoa kwa kazi mbili, na mwenzake inachajiwa kupita kiasi. Nunua kipunguza umeme cha kubadili 24 kuwa 12, chenye uwezo wa kubeba friji. Na ukinunua taa za trela usisahau waya wa athi, ule wa kurudisha umeme. Karavani iliyolala wiki nzima ufukweni Kigamboni inapata kutu kwenye athi kabla ya mahali pengine popote, na hapo ndipo indiketa inapoanza kuwaka pamoja na taa ya breki.

Matunzo yenyewe si mengi, ni ya kufuatilia tu. Mafuta ya breki yanavuta unyevu kutoka hewani, na hewa ya Dar haina upungufu wa unyevu. DOT 3, aina mojawapo ya mafuta hayo, ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi 205, ikishakunywa maji inashuka hadi kama 140. Breki zikipata moto kwenye mteremko, mafuta yanachemka, pedali inazama mpaka chini, na baadaye watu wanasema breki zimefeli. Yabadilisheni kila miaka miwili hata kama gari halijatembea. Rejeta msiijaze maji ya kisima. Visima vingi vya huku kwetu vina chumvi, na nimefungua rejeta za magari ya juzi nikakuta mirija imeziba kwa magamba meupe. Tia kipozeo halisi (coolant), uchunguze na klachi ya feni kabla ya kupandisha mzigo.

Tairi za karavani ndizo zinazodanganya watu. Zinakaa uani Mbezi miezi kumi bila kuguswa, kashata, yale meno ya tairi, bado ndefu, mwenyewe anaamini ni mpya. Angalia namba nne zilizopigwa pembeni ya tairi: 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Tairi hiyo ni mzee hata kama haijatembea. Beringi za magurudumu zifunguliwe, zioshwe, zijazwe grisi mpya kabla ya safari ndefu, na ukisimama Chalinze weka mgongo wa mkono karibu na kitovu cha kila gurudumu. Lenye joto kuliko wenzake lina neno la kukuambia.

Ukifika juu ya mteremko, chagua gia kabla hujaanza kushuka. Ile gia ambayo ungepandia, shukia hiyohiyo. Kupiga frii, yaani kutoa gia, ili kuokoa mafuta na trela nyuma ni kujiua mchana kweupe. Na spidi: kutoka 80 kwenda 100 kwa saa unaona ni tofauti ndogo, lakini kazi ya breki inaongezeka kwa zaidi ya nusu.

Sasa ombi langu, na ndilo hasa lililonifanya niandike. Mwenye karavani hapa nchini hana mahali pa wazi pa kwenda kujua uzito wake. Mizani za barabarani zinashughulika na magari ya kuanzia tani 3.5, pikapu na trela lake dogo inapita pembeni. Mimi nawategemea watu wa vyuma chakavu, na wao wana kazi zao. Naomba TANROADS, wakala wa barabara wenye mizani hizo, watenge muda, hata saa chache za siku za wiki ambazo foleni ya malori ni ndogo, mwananchi aingie kwa hiari yake, apimiwe gari na trela kwa kila ekseli, alipe ada ndogo na apewe karatasi. Asitozwe faini siku hiyo akikutwa amezidisha, maana atakayetozwa hatarudi na wenzake hawatakuja.

Na askari wa usalama barabarani, Wiki ya Nenda kwa Usalama inapofika, wakikagua gari linalokokota trela wasiishie kwenye taa na stika. Wamwambie dereva alitenganishe trela, avute breki ya mkono ya trela, kisha wajaribu kulisukuma. Haichukui dakika tano. Trela lisilo na breki kabisa, lililozidi kilo 750, lisiruhusiwe kuvuka Kibaha.

Karatasi ya mizani ingenisaidia hata mimi gereji. Mteja akija anataka turbo, ningemwambia akalete kwanza karatasi ya mizani ya Vigwaza, ndipo tukae tuzungumze bei.

Fundi wa dizeli,
Tabata, Dar es Salaam